Mkorofi Hakuota Uvimbe

Siku yake ya kwanza kazini kwenye maabara ya utafiti, mtunza panya alipewa onyo moja: walishe, badilisha maranda, osha vizimba, lakini usimpe panya jina. Akaitikia, kama wote wanavyoitikia, kisha akampa mmoja jina. Alikuwa aking'ata glovu kila akishikwa, basi akaitwa Mkorofi. Hilo lingesameheka. Kosa hasa lilikuwa kwenda kumsimulia dada yake.

Dada mtu alikuwa na saratani ya titi. Ile dripu nyekundu ya hospitali ilikuwa imemmaliza. Nywele zimekwenda, kinywa vidonda vitupu, hata maji yalimnukia chuma. Mdogo mtu, anayesugua vizimba mchana kutwa na masufuria jioni, maneno ya kumtia moyo yalikuwa yamemwishia. Akabaki na habari za panya.

"Wamedungwa seli za saratani zilizokufa," alimweleza. "Kundi moja, seli zao ziligandishwa zikayeyushwa, zikafa kimya kimya. Kundi la Mkorofi, zao ziliuliwa kwa dawa, hiyo hiyo yako nyekundu. Mtafiti anasema hizo zinakufa zikipiga mayowe. Askari wa mwili wanasikia, wanakuja mbio, wanaishika sura ya adui. Baadaye panya wote wakadungwa saratani iliyo hai."

"Ehe?"

"Wale wengine wameota uvimbe karibu wote. Mkorofi ngozi laini, anakula kama hana akili nzuri."

Aliongeza kwamba panya si mtu, kwa sababu mtafiti alimsisitizia aliseme hilo, ila alilisema haraka haraka. Dada hata hakulisikia. Tangu hapo kila jioni swali lilikuwa moja tu, Mkorofi ameshindaje. Hata alipofika mahali pa kukataa matibabu, akageukia ukutani na kusema dripu hataki tena, bado alimtaja.

"Kesho uje unichukue," alisema. "Kama Mkorofi yupo, nitakwenda. Kama hayupo, usinisumbue."

Asubuhi mtafiti, binti mpole asiyependa kumtazama mtu usoni, akatangaza kwamba jaribio linafungwa. Maana yake panya wote wanauawa, wagonjwa kwa wazima, ili viungo vyao vichunguzwe. Mtunza panya hakuwa mgeni wa jambo hilo, lakini safari hii alithubutu kuuliza.

"Huyu mmoja hatuwezi kumwacha?"

"Huyo ndiye tunayemhitaji zaidi," binti alijibu, macho sakafuni.

Mtunza panya akambeba mwenyewe hadi chumba cha pili. Mkorofi akang'ata glovu mpaka mwisho.

Mchana aliomba ruhusa akaenda kumchukua dada yake. Njia nzima alikuwa akitunga uongo, na ulikuwa uongo mzuri, wenye maranda mapya na chakula tele. Akamkuta dada ameketi kitandani na gauni la kutokea, miguu mitupu.

"Yupo?"

Mdogo mtu akajitupa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amechoka mno hata kudanganya.

"Hayupo, dada. Tumemuua asubuhi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Saratani ilimshika?"

"Haikumgusa. Walimpasua, wakatafuta kila mahali, hawakuona hata punje. Askari walikuwa wamejaa."

Dada akautazama ukuta.

"Yaani amepona vile, halafu mkampasua kuangalia amepona vipi."

"Ndiyo."

Mabega yakaanza kumtikisika. Mdogo mtu akadhani analia, kumbe anacheka, kwa shida, mkono umeziba midomo iliyopasuka.

"Basi mwambie daktari mapema," alisema. "Mimi nikipona, nisipasuliwe."

Akanyoosha mguu apewe kiatu. Mdogo wake akapiga magoti kumvalisha, na huko chini, ambako hakuna wa kumwona uso, akamlilia Mkorofi.