Aliyeandikwa Kwenye Daftari la Wageni

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine mtakaoyakuta maandishi haya, kaeni chini ndipo msome. Sitaki mtu asome huku anatafuna na kuchungulia nje. Mimi shule niliishia darasa la nne, kuandika kwa kunyoosha nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msitafute maneno mazuri. Nimewasikia mkikaa na redio yenu mkisema nchi za jirani wapigane wenyewe, sisi tuna amani yetu, hayatuhusu. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na nilijiona nina akili.

Mimi ni Mnyaturu wa Mgori. Itigi nilikuja kwa kuolewa. Babu yenu alikuwa kibarua wa reli, kazi yake kung'oa mataruma yaliyooza na kuweka mapya. Miaka ile kabla ya ruksa ya biashara hamkuiona, na msiombe kuiona. Sabuni ilikuwa hakuna. Tulifulia majani ya mpapai mpaka nguo nyeupe zikawa na rangi ya kijani. Duka lilikuwa na mwenye duka na mbao tupu za rafu. Basi nguo tulizovaa zilikuwa zinatoka wapi? Zilitoka Burundi, kwa treni ya Kigoma, zimefichwa chini ya viti na ndani ya magunia ya dagaa. Kitenge nilichovaa siku ya harusi ya binti yangu mkubwa kilitoka Bujumbura. Nchi ndogo vile, tena haina bahari, ndiyo iliyokuwa inatusitiri. Hakuna mtu Itigi aliyesema wakati huo kwamba Burundi haituhusu.

Ruksa ilipokuja, vitu vikatoka mafichoni vikakaa mezani. Maduka yalijaa. Lakini reli nayo ikaanza kupunguza watu, na babu yenu akawa miongoni mwao. Alirudi nyumbani na koti la kazi na buti, akakaa kwenye kiti, akakaa tena kwenye kiti. Mimi ndiye niliyeingia kwenye asali. Nilikuwa nanunua kwa warina asali wa Rungwa na wa vichaka vya huku kwetu, nachuja, najaza madebe, na nta nayeyusha pembeni. Mnunuzi wangu alikuwa mmoja tu, mwanamke wa Burundi.

Alikuwa mdogo kwangu, labda kwa miaka kumi na tano. Aliniita dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu. Alikuwa akishuka stesheni na marobota ya vitenge, analala kwangu siku mbili au tatu kungoja treni ya kurudi, anaondoka na madebe ya asali na nta. Nta kule kwao ilikwenda kwa watengeneza mishumaa. Vitenge vyake niliviuza mimi, Itigi na Manyoni. Hatukuwahi kuandikiana karatasi.

Mdomo alikuwa nao. Akishuka tu anaanza. "Dada mkubwa, shikamoo. Nchi yenu hii Mungu aliipita kwa mguu au kwa treni? Hata kilima cha kupumzisha macho hamna!"

"Marahaba. Wewe umekuja kutazama vilima au kutafuta asali?"

"Na hawa kuku wenu, mbona miguu mirefu hivi? Wanakimbizana na nani?"

"Wanakimbia wageni wenye maneno mengi."

Babu yenu, ambaye siku hizo alikuwa hacheki na mtu, alikuwa anacheka.

Safari moja alikuja amefurahi kuliko kawaida. Kwao walikuwa wamepiga kura, akasema sasa hata sisi tutapumua. Aliniambia ataleta mzigo mara mbili ya ule, niandae asali ya kutosha. Nikaandaa. Niliwahimiza warina asali mpaka wakanichoka. Ukumbi ukajaa madebe.

Hakuja. Redio ikasema kule wanauana. Nilingoja treni ya Jumanne, nikangoja ya Ijumaa, nikarudi na kanga yangu begani. Asali iliganda ndani ya madebe ikawa kama mafuta ya ng'ombe. Wafanyabiashara wengine wa asali hawakuitaka, kila mtu alikuwa na yake, maana wote tulikuwa tunamtegemea jirani yule yule. Rungwa warina asali waliacha mizinga juu ya miti. Nani apande akaumwe na nyuki kwa kitu kisichonunuliwa? Ndipo niliposema yale maneno yangu, pale kisimani, kina mama wakinisikia. Nikasema Warundi wameshindwa kukaa na uhuru wao, sasa wanatuharibia sisi. Mama mmoja akaniitikia kabisa, "Wafunge tu mpaka, kila mtu abaki na shida zake." Nikasema, ndiyo, wafunge.

Ilipita kama miaka miwili. Siku moja asubuhi, treni ya kutoka Kigoma imechelewa kama kawaida, niko stesheni nauza mayai ya kuchemsha, mtu akanigusa bega. Sikumtambua. Nilitambua sauti.

"Dada mkubwa, shikamoo."

Hakuwa na robota hata moja. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama mitano amemshika mkono, na viatu vya kiume miguuni. Nikamuuliza, "Mumeo?" Akatikisa kichwa. Nikamuuliza wale watoto wakubwa aliokuwa akinisimulia. Akasema, "Twende nyumbani kwanza." Na nyumbani tulipofika hakusema, wala sikumuuliza tena.

Alikaa kwangu. Alilima, alichota maji, alipepeta ulezi. Ule mdomo wake ulikuwa umekwisha. Mtoto ndiye aliyekuwa akiongea, lakini kwa Kirundi, kutwa kucha anamsemesha mama yake na kuku pia.

Sasa nifike penyewe. Kwetu mgeni akilala zaidi ya siku chache anapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Ninyi mnaona ni mambo ya zamani, lakini ndivyo tulivyolelewa. Mgeni aliyepelekwa kwa balozi ni mtu wa heshima. Anajulikana yuko kwa nani, akiugua au akionewa kuna wa kuuliza. Mgeni asiyepelekwa ni mwizi au ana jambo. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia na vyeo vimebadilishwa majina, lakini mzee wetu wa mtaa tuliendelea kumwita balozi, na daftari lake la wageni lilikuwa lile lile, lenye jalada jeusi lililofungwa kwa uzi.

Nilipomwambia mdogo wangu ajitayarishe twende, alikaza fundo la kanga yake. Halafu akasema, "Dada mkubwa, niandikishe kuwa mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha nakisema. Hakuna wa hapa atakayejua tofauti."

Ni kweli lugha zile zinasikilizana. Hata babu yenu, ambaye alifanya kazi huko njia ya Kigoma, alisema, "Mama, mwache awe Muha. Inakugharimu nini?"

Nikawajibu wote wawili kwa ukali. Nikasema nyumba hii haijawahi kupeleka uongo kwa balozi. Nikasema yeye hajaiba, hajaua, kwa nini aseme uongo kama mhalifu? Nikamwambia, "Wewe ni Mrundi, na ni mgeni wangu. Utaandikwa hivyo hivyo."

Aliniangalia. Akasema, "Sawa, dada mkubwa. Hapa ni kwako."

Tukaenda. Balozi alitupokea vizuri, akatupa viti. Akaandika jina lake, akaandika Burundi, akaandika jina langu kama mwenyeji. Mtoto hakuandikwa, maana watoto hawakuwa na mstari kwenye lile daftari. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo kwamba nimefanya jambo safi. Hiyo shingo, wanangu, ndiyo ninayoilaumu.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yamebadilika. Tulisikia nchi zinazoizunguka Burundi zimekubaliana kuibana, mpaka umefungwa, bidhaa haziendi wala haziji. Lile nililolisema kisimani likawa. Na ikaja hofu. Watu wakaanza kusema wakimbizi wanaleta bunduki, vita vya kwao vitawafuata mpaka huku, kule mpakani watu wamekwishaibiwa na kuvunjiwa nyumba. Sisemi yote yalikuwa uongo. Nchi ikiogopa inakuwa kama mtu akiogopa, hatazami anayempiga ni nani. Ikatoka amri juu kwamba wote waliotoka ng'ambo wakusanywe, wapelekwe makambini, na wengine warudishwe kwao. Itigi ni mbali na mpaka, siku nzima ya treni na zaidi, nikajua hatutafikiwa.

Watu wa serikali waliokuja walikuwa wanne, mchana, na gari. Hawakuwa na haja ya kuulizauliza mitaani. Walikwenda kwa balozi wakafungua daftari.

Tulikuwa uani tunaanika nta. Mtoto alikuwa amekwenda shamba na binti yangu wa mwisho. Balozi alitangulia mbele yao, hawezi kuniangalia. Yule mkubwa wao hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia, shikamoo mama, nikaitika. Akasoma jina kwenye karatasi.

Mdogo wangu alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga. Nikasema, "Huyu ni mgeni wangu, anaishi kwangu, hana kosa lolote."

"Mama, hatujasema ana kosa. Hapa imeandikwa Burundi. Ni Burundi au siyo?"

Mwandiko wa kwenye daftari ulikuwa wa balozi lakini maneno yalikuwa yangu.

"Una mtoto?" yule mkubwa akamuuliza mdogo wangu.

Akaniangalia mimi. Halafu akamgeukia yule ofisa akasema, "Sina."

"Mama, hana mtoto?"

Nikasema, "Hana." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mtu wa serikali, na niliusema mwaka mzima baada ya ule uliotakiwa.

Walimpa muda wa kuchukua nguo. Aliponipita mlangoni alisema polepole, "Anapenda kulalia ubavu wa kushoto." Basi. Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu.

Nilikwenda Kigoma kwa treni kumtafuta, babu yenu alinisindikiza. Kwenye kambi ya kwanza walituambia hayupo. Kwenye ya pili walituambia kundi lile lilivushwa mpakani. Nikauliza upande gani, mtu mwenyewe akanyoosha mkono tu kuelekea milimani. Nilisimama pale nikaitazama milima aliyokuwa akiniringia. Mpaka naandika haya hajarudi, hakuna barua, wala hajatokea mtu wa kusema nilimwona akiwa hai au nilimzika.

Siku hizi mkiniuliza nchi huru ni nini, sijui niwajibu vipi. Walitufundisha kwenye kisomo kwamba uhuru ni mtu kuwa na nyumba yake na mlango wake. Lakini sabuni yetu ilitoka kwao, asali yetu ilikufa kwa vita vyao, wao wakabanwa na mpaka wetu, na hofu yetu ndiyo iliyokuja na gari mpaka uani kwangu. Mlango uko wapi hapo? Mimi siuoni. Na msidhani imekwisha. Bado nasikia redio, na bado nawasikia ninyi.

Yule mtoto alilia siku nyingi. Halafu akaacha kulia, akaanza kuongea. Akawa anaongea Kirundi na kuku, na ndoo, na mlango. Siku moja kisimani alikuwa akihesabu ndoo za watu, rimwe, kabiri, gatatu, kwa sauti nzuri kabisa, na yule yule mama aliyetaka mpaka ufungwe akanigeukia mbele ya wote. "Hee, bibi, huyo mjukuu wako mbona anahesabu kwa lugha ya wakimbizi? Au gari lilisahau kitu kwako?" Wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilibeba ndoo yangu nikarudi, mtoto nyuma yangu bado anahesabu hatua.

Mnamjua. Ni dada yenu huyo huyo mnayemwona, anasema Kinyaturu kuliko ninyi mliozaliwa nacho. Cha mama yake hana hata neno moja. Akitokea mama yake leo, akamsemesha, ataangalia midomo tu kama anayesikiliza ndege. Hakukisahau mwenyewe. Alikuwa mtoto mwenye kichwa kizuri, angekishika mpaka uzee.

Jioni ya siku ile ya kisimani, jua likiwa bado lipo, niliwaita wote uani, babu yenu, binti zangu, mpaka mke wa mwanangu aliyekuwa na kichanga mgongoni. Mtoto nilimsimamisha mbele yangu, mikono yangu mabegani pake. Nikasema: "Kuanzia sasa huyu ni mtoto wa binti yangu mkubwa aliyeolewa Rungwa, na atakayeulizwa popote aseme hivyo. Kirundi kisisikike tena humu ndani. Akikisema, asijibiwe. Akiomba maji kwa lugha ya mama yake, asipewe, hata akilia, mpaka ayaombe kwa lugha yetu."