Amplifaya ya Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa vioo, na kazi hiyo imemharibu tabia. Kioo kikishakatwa vibaya hakiombwi msamaha, kinatupwa. Kwa hiyo yeye hupima, hupima tena, halafu akishashika kikatio hukiweka chini akapime mara ya mwisho. Wenzake kwenye karakana wamembatiza Pimapima, na jina limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata sokoni huzigeuza nyanya mpaka muuzaji amwulize kama ananunua au anaposa.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kazi ya kuchagua amplifaya, uone.

Ile ya zamani ilikuwa imeanza kukoroma. Ukiwasha filamu, watu wanaongea kama wana pamba mdomoni. Ukiweka muziki, upande mmoja unakatika katikati ya wimbo na kurudi unapojisikia. Kwa nyumba nyingine hiyo ingekuwa kero tu, lakini kwetu ilikuwa balaa, kwa sababu ya mama yangu. Mama anaishi nasi tangu macho yake yalipofifia hadi yakazima kabisa, na sebule yetu anaiona kwa masikio. Asubuhi ni muziki, magitaa ya ujana wake. Jioni ni filamu. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anafuata maneno, hatua na milango, na mara nyingi anamjua mwuaji kabla yetu sisi wenye macho.

Dada yangu mkubwa, mwenye nyumba kubwa na bustani, alikuwa akimwomba mama ahamie kwake, na mama alikuwa akimjibu kwa kicheko. Lakini jioni ile amplifaya ilipokata sauti filamu ikiwa ukingoni, alisema, kwa mzaha au kwa kweli sikujua, "Basi nikakae kwa dada yako. Kule angalau kuna ndege wa kusikiliza."

Mimi nilicheka. Mume wangu alibaki ameishika rimoti kama amepewa taarifa ya msiba. Huyu alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa kwa kuzungushwa, mwaka huu kwa shangazi, mwaka ujao kwa mjomba. Ukitaja kuhama mbele yake, huacha alichokuwa akifanya. Akaapa kwamba itapatikana amplifaya ambayo mama hatakuwa na sababu ya kuiacha.

Akaipima sebule, ukuta hadi ukuta, sakafu hadi dari. Akamwuliza fundi rangi, aliyemwambia nguvu ndiyo kila kitu. Akamwuliza mpiga ngoma wa bendi moja, aliyemwambia nguvu si chochote, cha maana ni usafi wa sauti. Akarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu kwamba jembe halimfukuzi mtu nyumbani.

Dukani tulipokelewa na muuzaji mwenye subira ya mwuguzi, na aliihitaji. Alituonyesha amplifaya mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, inaendesha spika mbili za mbele, na muziki wake ulikuwa mtamu hata mimi nikatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa kubwa, ya sinema hasa, spika saba pamoja na sabufa ya kutoa besi. Spika nyingine unaziweka nyuma yako na pembeni, ili mvua ya kwenye filamu inyeshe juu ya kichwa chako na gari lipite mgongoni. Muuzaji alisema kwa muziki ya kwanza inashinda kidogo, kwa filamu ya pili haina mpinzani.

Mume wangu alitaka wimbo uleule upigwe kwenye zote mbili. Ukapigwa. Ukapigwa tena. Mteja mwingine akaaga akaondoka. Mume wangu akauliza kama mtu akinong'ona kwenye filamu maneno yatasikika. Akauliza kama sauti ikishushwa maneno yatamezwa na besi. Jasho la viganja lilikuwa limechora alama kwenye kioo cha kaunta, akawa analifuta kwa leso huku akiukagua ukingo wa kile kioo, ulivyokatwa.

Nikasema, si tumwulize mama mwenyewe? Akanitazama kama nimemtukana. Hamjamwona akiongea na mama yangu. Huinamisha macho, ingawa mama haoni kama yameinuliwa au yameinamishwa. Humwamkia, humwuliza ameamkaje, na yaliyobaki yote hupitishia kwangu, mimi ndiye posta yao. Kuuliza si ujinga, hilo analijua, ila kumhoji mama mkwe juu ya idadi ya spika aliona ni kukosa adabu. Akapiga moyo konde, akachukua ile kubwa.

Spika alizifunga mwenyewe. Mbili zilikaa nyuma ya kiti cha mama, moja karibu na mlango, nyingine pembeni, na nyaya akazificha vizuri hata mimi sikuzijua zinapita wapi. Jioni ya kwanza tulipowasha filamu, mvua ilianza kunyesha sebuleni. Mama aliinua uso, akagusa kitambaa chake cha kichwa kuona kama kimelowa, akacheka. Mume wangu akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba wiki nzima.

Halafu kwenye filamu mlango ukafunguliwa nyuma yetu, na hatua za mtu zikaingia. Mama akageuka. "Karibu," akasema. Hakukuwa na mtu. Tukacheka sote, yeye pia.

Mara iliyofuata hakucheka. Mlango uligongwa, akainuka kwenda kuufungua, mkono ukutani, na goti likakutana na stuli. Akasimama pale akiuliza nani, na aliyemjibu alikuwa mtu wa kwenye filamu akimtishia mwenzake. Tangu hapo akaanza kusema kichwa kinamgonga. Chakula cha jioni kikiisha, alikuwa anakwenda chumbani kwake na kufunga mlango. Muziki wa asubuhi aliniomba niuzime.

Mume wangu aliyaona hayo yote na akaelewa kinyume. Akadhani sauti haimfikii vizuri. Akazisogeza zile spika za nyuma karibu zaidi na kiti. Akaongeza sauti. Akaniuliza jikoni, kwa kunong'ona, kama mama amelalamika juu ya besi, nami nikamjibu kwamba hajasema neno, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Chakula akawa anakichezea tu kwa kijiko. Kisha mama akaniomba nimtolee begi lake kabatini, na dada yangu akapiga simu kwamba Jumamosi anakuja kumchukua. Niliogopa kumwambia mume wangu, lakini begi aliliona mwenyewe.

Ijumaa jioni nilimshawishi mama atoke chumbani, tuangalie filamu moja ya mwisho. Mume wangu akarudi kutoka kazini wakati huo. Aliingia, akamwamkia kama kawaida yake. Mama akashtuka, akavuta miguu chini ya kiti.

"Nani?"

Tangu aje kwetu hakuwahi kumwuliza hivyo.

"Ni mimi, mama."

"Wewe, au filamu?"

Nilimwona mume wangu anabadilika sura. Akanitazama, nikadhani atanituma kama kawaida. Hakunituma. Akaenda akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, nimekosea wapi?"

Mama alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Nadhani naye aliona haya, maana aliyafahamu masumbuko ya ile mashine yote. "Nyumba hii nilikuwa naijua," akasema. "Najua binti yangu akitoka jikoni. Najua jirani anavyobisha hodi. Sasa watu wanapita nyuma yangu muda wote, na wa kweli siwajui tena. Naogopa nikiwa kwenye kiti changu mwenyewe. Sikutaka kusema, umehangaika mno."

Mume wangu alijibu neno moja tu, "Nisamehe," akainuka. Akachomoa waya wa nyuma, wa pembeni, wa mlangoni. Zikabaki za mbele tu. Filamu ilikuwa bado inaendelea, na watu wake wote wakarudi kwenye runinga, wakagombana huko huko. Mama aliinamisha sikio. Mabega yake yakashuka.

"Haya," akamwambia, "sasa toka nje, ufunge, uingie kama unavyoingia siku zote."

Akatoka. Nikasikia ufunguo ukizunguka. Kisha kimya. Kisha mlango.

"Huyo ndiye wewe," mama akasema. "Ufunguo unazunguka, halafu unasimama. Huingii. Hata siku moja hujaingia moja kwa moja. Tangu nije hapa najiuliza, unasimama kufanya nini hapo nje?"

Mimi nimeolewa na mtu huyu miaka yote hii na sikujua kwamba anasimama. Nilimtazama. Alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili na macho yake yako sakafuni.

"Nasikiliza kama bado upo, mama."

Kwenye filamu mtu alikuwa akimwita mwenzake, na hatukumjali. Mume wangu akasogea, na mama akanyoosha mkono hewani akiutafuta wake, akaupata, akamkalisha pembeni ya kiti. Kisha akaniambia nimpigie dada yangu simu kabla hajalala, nimwambie asisumbuke na safari.