Mstari Niliouruka Kwenye Kitabu cha Kadi

Nilikosea. Naanza hapo kwa sababu wazee wenzangu wangependa nianze na habari za mvua, au za magoti yangu, halafu kosa nilifiche huko katikati. Nilimnyima fundi cherehani ushindi wake mbele ya watu, pale Murongo, na nilifanya hivyo nikijifanya msomi.

Mchezo wenyewe ni yeye aliyetuletea. Kibanda chake cha kushona kiko hatua chache kutoka barabara ya mpakani, na huwa anavuka kwenda Kampala kufuata vitambaa. Safari moja alirudi na makasha mawili ya kadi za mapigano, zile zenye picha za wanyama na majitu, kila kadi na nguvu zake zimeandikwa pembeni. Aliwakuta watu wakizicheza jirani na duka anakonunua mzigo, akasimama kuangalia mpaka nusura aachwe na basi. Kitabu cha sheria kilikuwa cha Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nilifika kidato cha nne, zamani, enzi ambazo kidato cha nne kilimfanya mtu atembee polepole barabarani ili aonekane vizuri.

"Shikamoo, baba. Nisomee hiki," aliniambia. "Nataka kujua kama ninavyocheza ndivyo."

Nilikaa nacho wiki mbili, nikaandika sheria kwa Kiswahili kwenye daftari. Tangu hapo nikawa mwamuzi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa na daftari, basi.

Tulicheza kila Jumamosi mchana kwenye kibaraza cha duka la rafiki yangu, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye chai yake ya tangawizi inawasha mpaka masikio. Kila mchezaji alianza na maisha ishirini, na maisha tuliyahesabu kwa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo huku kwetu mgeni hupewa atafune. Zilituletea matatizo. Siku moja shemeji yangu alifika kutoka Nyabiyonza, akaketi, tukasalimiana, akaona buni mezani. Kabla hatujamwahi alikuwa ametafuna maisha manne ya dereva wa bodaboda.

"Mbona hamkusema?" akauliza, huku mkono ukifuata ya tano.

Dereva akasema ndiyo mara ya kwanza anapigwa na mtu asiye na kadi.

Mapigano katika mchezo huu yana hatua zake. Kwanza anayeshambulia anataja wanyama wanaokwenda. Kisha anayeshambuliwa anataja nani atazuia nani. Mwisho majeraha yanahesabiwa, na aliyezidiwa nguvu anatolewa mezani; mnyama asiyezuiwa anaondoa buni za mwenzako sawa na nguvu zake. Lakini zipo pia kadi za haraka, ambazo mtu huzificha mkononi na kuzitupa pambano likiwa limeshaanza. Ukiitupa mapema, mwenzako anaona nguvu ulizoongeza na hazuii. Ukichelewa, mnyama wako amekwisha kufa. Ujanja wote uko kwenye kujua saa ya kuitupa.

Vijana fulani wa Bukoba wakatangaza shindano, kila kikundi kilete mtu mmoja. Kwetu walibaki wawili: fundi, na karani anayeshughulikia karatasi za mizigo pale mpakani, kijana nadhifu wa Muleba. Fundi alikuwa ametushinda sisi sote kwa mwaka mzima, na mwaka mzima tulikuwa tukisema ana bahati. Hiyo ndiyo sababu aliitaka safari ya Bukoba kuliko kitu kingine.

"Nikishinda kwa watu wasionijua," aliniambia, "mtalazimika kutafuta neno jingine."

Siku yao ilipofika, karani alikuwa na buni sita, jitu moja la nguvu nne, na mkononi hana kadi hata moja. Fundi alikuwa na chui wa nguvu mbili na nyati wa nguvu nne. Akampeleka chui peke yake. Karani akamtazama, akatabasamu, akasema jitu linazuia. Hapo fundi akaweka mezani kadi ya haraka: chui anaongezewa nguvu tatu kwa pambano hilo moja.

Karani akacheka. "Fundi, umechelewa. Jitu limeshamkamata mnyama wako. Rudi kwenye cherehani."

"Sijachelewa. Majeraha bado hayajahesabiwa. Kampala nimewaona wanafanya hivi kila siku."

Wote wakanigeukia. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti: "Baada ya kuzuia, majeraha yanahesabiwa." Nikalifunga. "Mwanangu, Kampala siyo hapa. Kitabu kinasema umechelewa."

"Kitabu au daftari, baba?"

"Ni kitu kimoja," nikasema.

Chui akatolewa, kadi ikapotea bure, na baada ya zamu tatu fundi alikuwa hana buni hata moja. Alikusanya kadi zake taratibu, akazifunga kwa mpira, akanishukuru. Kunishukuru kule ndiko kulikoniuma.

Siku ya pili, nimetoka kanisani, nilikitoa kitabu chenyewe. Nilivaa miwani, nikafuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Chini kabisa ya ukurasa kilikuwepo kifungu kimoja kifupi: baada ya wazuiaji kutajwa, na kabla ya majeraha kuhesabiwa, wachezaji wote wawili wanaweza kutumia kadi za haraka. Nilikumbuka vizuri siku nilipokifikia kifungu hicho. Nilikuwa nimechoka, nikaona kinarudia maneno ya juu, nikakiruka. Mtu aliniletea kitabu nimsomee. Nikakisoma nusu, kisha nikakitumia dhidi yake.

Wala sikuteleza kwa uchovu peke yake. Karani alikuwa ananiamkia akiwa ameinama, na akiniita mshauri wake. Fundi alikuwa ananiuliza maswali. Kwa umri wangu nilishaanza kuona swali kama dharau. Nayasema haya bila kuyapaka sukari.

Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kuliandika popote. Miaka mingi nyuma nilikaa kwenye kikao cha wazee kusikiliza shauri la mpaka wa kibanja cha migomba. Mjane mmoja alisema jirani amehamisha mimea ya mpaka. Tuliamua dhidi yake. Mwezi haukuisha, nikapita pale kwa miguu, nikaona mashina ya zamani ya mpaka yakichipua katikati ya migomba ya jirani, mahali palepale alipotuonyesha mama yule. Nikanyamaza. Nilijiambia uamuzi umeshatoka, mzee harudi nyuma. Mama yule amefariki. Kwake sina tena la kufanya, na sitafuti mtu wa kunifariji.

Ndiyo maana Jumanne nilipanda bodaboda kwenda Murongo, kitabu kikiwa ndani ya koti. Nilimweleza kwanza mwenye duka.

"Mzee mwenzangu, liache," alisema akinimiminia chai. "Ukilifukua hili, kesho watafukua kila ulichoamua tangu mwanzo."

"Wafukue."

"Watu watakucheka."

"Wacheke wakiwa wamekaa. Waite."

Walikuja, wengine wakiwa bado na kazi zao mikononi. Fundi alikuja na tepu ya kupimia shingoni. Nikasimama, nikasoma kifungu kile kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikasema Jumamosi nilimdhulumu.

Karani alikuwa wa kwanza kujibu. "Mzee, nimeshaomba ruhusa kazini. Nimeshapiga pasi shati."

"Shati litakufaa kanisani."

"Lakini mwamuzi akishasema amesema. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo."

"Niliwafundisha vibaya. Hilo nalo liandike."

"Basi nani anakumbuka meza ilivyokuwa? Buni zangu zilikuwa ngapi?"

Daftari langu lilikuwa na faida moja: kila zamu nilikuwa naandika hesabu. Buni sita, jitu moja, mkononi hana kitu. Tukaipanga meza upya. Fundi akaivua tepu shingoni. Akampeleka chui, jitu likazuia, akaweka kadi yake ya haraka. Chui akawa na nguvu tano, jitu likatoka mezani. Zamu ikawa ya karani. Alichanganya kadi zake mara mbili, akavuta moja, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Umepata nini?" dereva wa bodaboda akauliza.

"Mto," akasema karani. Kadi ya mto haizuii mtu.

Fundi akapeleka chui na nyati pamoja, mbili na nne. Karani alizitazama zile buni sita, akazikusanya kwenye kiganja, akazitupa mdomoni zote kwa pamoja. "Maisha yangu," alisema huku akitafuna, "nayala mwenyewe." Watu walicheka, naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

Siku hiyohiyo waliniondoa kwenye uamuzi. Ni haki yao. Sasa kitabu chenyewe kinakaa mezani pamoja na kamusi, na mwenye shaka anafungua. Fundi alikwenda Bukoba akatolewa raundi ya pili. Alinipigia simu akiwa kituo cha mabasi. "Baba, nimepigwa na mtu anayejua. Lakini wa kwanza nilimfanyia kama nilivyomfanyia karani, na hakuna aliyetaja bahati."

Wapo wanaonishauri nisionekane tena pale, eti nimejivunjia heshima. Heshima ambayo ingebaki kwa kunyamaza naijua. Niliwahi kuivaa miaka mingi, na wanaoitaka wanaweza kuichukua. Mimi naenda kila Jumamosi, nimehamia upande wa wachezaji, na napigwa mara nyingi. Juzi fundi alinishambulia kwa chui wake. Niliona ameshikilia kadi moja mkononi, na nilijua ni ipi. Nikasema jitu langu linazuia. Kisha, kabla ya kuhesabu majeraha, nikampa nafasi yake.