Menyu ya "Bosi" kwenye Dirisha la Sangara

Niliweka utani ndani ya programu ya kupimia samaki, nikasahau kuutoa, na hadi leo nikipita karibu na kile kiwanda cha minofu natazama ziwani kama mtu aliyepotelewa na mtumbwi.

Mama alikuwa mkata minofu pale, siku nzima kasimama kwenye maji ya barafu, na meneja wao, Mzee Masanja, akamwahidi kwamba mwanawe (mimi, fundi wa kompyuta wa likizo moja) akitengeneza programu ya kuandikia uzito wa sangara, basi Mama atahamia ofisini kuitumia. Mama alifurahi mpaka akamgawia jirani yetu, Mama Nyanjige, soksi zake zote nzito.

Kazi ikaisha: kadirisha kadogo ka kuingizia uzito, chini vitufe viwili, "Hifadhi" na "Funga". Lakini rafiki yangu Deus akaja kuchungulia, na mimi nisipochekesha watu siwezi kupumua, basi nikalibandika lile dirisha menyu juu, jina lake "Bosi", ukiibofya zinashuka amri: "Nuna", "Kohoa bila sababu", "Ahidi mshahara". Deus alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tukaenda kuogelea.

Kesho yake, mbele ya makarani wote na Mama (kavaa kitenge cha kanisani), nafungua dirisha, menyu hiyo hapo. Nikataka kulifunga upesi, kumbe menyu ilivyokaa juu ilisukuma kila kitu chini, "Funga" imezama isikoonekana, na ile alama ya kufungia pale pembeni nilishaiondoa mwenyewe eti makarani wasitoroke bila kuhifadhi. Mzee Masanja akashika kipanya. Akabofya "Bosi". Akasoma polepole kama anasoma somo la misa. Akabofya "Nuna", kikatokea kisanduku: "Bosi ameshanuna, rudini kesho." Na kweli alikuwa ameshanuna. Mimi kwa akili zangu nikachomoa waya ukutani, kompyuta ikazimika pamoja na barua ndefu ambayo karani alikuwa anaichapa tangu asubuhi.

"Mama Fabi," Mzee Masanja akasema bila kunitazama, "kijana wako ana akili sana. Wewe rudi kwenye samaki."

Nimeapa, dirisha la mtu silibandiki tena menyu, hata anibembeleze.

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo Mama akasema, "Nenda kwa Mama Nyanjige, umwombe anirudishie soksi zangu."