Mboga ya Afande Wanyera

Kama mdomo ungekuwa mali, Nusifa binti Mutwalibu angemiliki Jinja nzima na sote tungekuwa wapangaji wake. Lakini mdomo si mali, kwa hiyo alikuwa na chumba kimoja tu juu ya duka la vitambaa, katika mojawapo ya yale majengo ya zamani ya Wahindi, na meza, na kompyuta, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Humo ndimo alimotengenezea Sahani.

Sahani ni programu ya simu. Unaiambia unakula nini, na saa ya chakula ikifika inakusemesha: kula hiki, acha kile, soda ya nini asubuhi yote hii. Programu za namna hiyo ziko tele duniani, na nyingi zina sauti ya mtu anayeogopa kufukuzwa kazi. Nusifa hakutaka. Alijua kwao Busoga mtu mwenye ruhusa ya kukwambia ukweli usoni ni shangazi. Baba atakuchapa, mama atakulilia, shangazi atakucheka mpaka ujirekebishe. Basi akamchukua shangazi yake wa damu, Bushira, muuza samaki wa Masese ambaye ulimi wake unatoa magamba bila kisu, akamkalisha mbele ya maikrofoni.

"Niseme nini?" Bushira akauliza.

"Sema vile unavyonisema mimi nikila."

"Mwanangu, hizo simu za watu zitapasuka."

Tena akamrekodi kwa Kiswahili, na hapo ndipo mji ulipomcheka. Wengi wa Jinja Kiswahili wanakijua kwa mapigo ya moyo: lugha ya kizuizi barabarani, lugha ya lala chini na toa kitambulisho. Nani akubali kufundishwa kula kwa lugha ya kukamatiwa? Nusifa akawajibu kwamba kwao, Waislamu wa mjini, Kiswahili kilitumika kubembelezea watoto, na kwamba katika kambi za askari, ambako Mwacholi, Mteso na Mgisu wanapika ukuta kwa ukuta, hakuna lugha nyingine inayofika kwenye masufuria yote. Kiswahili chake chenyewe alikiringia. Ukisema "kitu yangu" mbele yake, anakusahihisha kabla hujamaliza, hata kama ulikuja kumwambia nyumba yake inaungua. Likumbuke hilo, maana lilimrudia.

Shirika moja la Kampala likaipenda Sahani. Likasema: tuijaribu kwa askari magereza wa kambi moja huko Mbale, wanaosumbuliwa na vitambi na sukari. Wakipungua, tunaisambaza nchi nzima. Wasipopungua, Shangazi anatolewa, Kiswahili kinatolewa, tunaweka sauti ya Kiingereza na picha za brokoli. Nusifa akakubali kwa kicheko, kama mtu anayebishania mechi aliyokwisha kuitazama.

Askari wakapimwa uzito, Shangazi akaanza kazi. Kila mchana na kila jioni simu zilipaza amri yake kuu: "Punguza posho, ongeza mboga!" Posho kwetu ni ugali.

Mvua zilipokatika wakapimwa tena. Wamenenepa. Sajenti Wanyera, ambaye tangu zamani tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni, alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mshipi wa kazi kwa msumari.

Mtu wa shirika, Norman, akapanda ngazi mpaka chumbani kwa Nusifa, shati jeupe, uso wa matanga.

"Dada Nusifa, mzani umeshasema. Kiswahili kimeshindwa. Ni lugha ya amri, si ya afya."

"Umewauliza wanakula nini?"

"Programu iliwauliza. Wote wanajibu kwamba wanafuata. Posho kidogo, mboga nyingi. Kwa hiyo wanadanganya."

"Askari hadanganyi kuhusu chakula, Norman. Kuhusu mengine sijui."

"Kesho naenda Mbale kuiondoa kwenye simu zao."

"Basi kwenye gari lako mimi nitakaa mbele. Shangazi atakaa nyuma."

"Shangazi wa nini tena?"

"Sauti ni yake. Unataka kuzika mtu bila kumwambia?"

Walifika kambini saa ya chakula. Sajenti Wanyera alikuwa mlangoni kwake na fulana, na Bushira aliposema tu "Hodi wenyewe!", afande akasimama wima, kisigino kwa kisigino.

"Margret!" akamwita mkewe. "Njoo uone! Ni yeye! Ni ile sauti!"

"Pumzika, afande," Bushira akasema. "Tumbo lako ndilo linalopaswa kusimama wima."

Nusifa hakuwa na muda wa mizaha. "Afande, nionyeshe chakula chako cha leo. Posho iko wapi?"

"Hii hapa, madam." Kipande kama sabuni ya kuogea. Kweli, alipunguza.

"Na mboga?"

Margret akaleta bakuli, akalishika kwa mikono miwili. Nyama ya ng'ombe, minofu na mafuta, mchuzi unang'aa kama barabara baada ya mvua.

"Mboga ndio hii," Wanyera akasema kwa fahari. "Jana ilikuwa ya mbuzi. Shangazi anasema ongeza, mimi naongeza. Jioni anasema tena, naongeza tena. Mke yangu analalamika, lakini amri ni amri."

"Hata jirani ni hivyo hivyo," Margret akaongeza. "Bucha ya pale nje wameongeza kiti cha wanaosubiri nyama."

Nusifa akaliinamia bakuli. Kwao mboga ni majani. Lakini kambini, kama kwa watu wengi wa bara, chochote kinachoteremsha posho ni mboga: samaki ni mboga, maharage ni mboga, na nyama ndiyo mfalme wa mboga. Neno hilo alilisikia sokoni kila siku, na kila siku akalisahihisha. Leo lilikuwa limeketi bakulini, linamsahihisha yeye.

Bushira ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Norman hakucheka. Alikuwa amekaribishwa kiti na sahani, na tayari alikuwa anatafuna. "Unaona?" akasema. "Neno moja, kambi nzima imeharibika. Kiingereza hakina mchezo huu. Naiondoa leo."

Nusifa akageuka. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, lakini mwanamke yule aibu ikimfika masikioni hugeuka kuwa moto.

"Imeharibika? Norman, wanaume hawa wamekata posho! Umewahi kuona askari amekata posho? Wametii neno mchana na jioni, mpaka bucha imeongeza kiti! Hizo karatasi zenu za Kiingereza zilizobandikwa zahanati, nani aliwahi kuzitii hata kwa kijiko kimoja? Neno ni langu, kosa ni langu, nitalirekebisha mimi. Lakini utii huu usiniambie ni kushindwa."

"Makubaliano yanasema..."

"Yanasema jina lenu litatoka na pesa zenu zitatoka. Toeni. Sauti ni ya shangazi yangu na maneno ni yangu. Brokoli zako kapikie Kampala. Margret, malewa unayo?"

Malewa ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, chakula ambacho Mgisu akikiona hukumbuka jina la bibi yake.

"Yamening'inia jikoni tangu zamani," Margret akasema. "Na dodo, mchicha wetu huu, imejaa nyuma ya nyumba. Afande anasema hiyo si mboga, ni majani."

"Majani!" Nusifa akapiga makofi. "Shangazi, njoo hapa."

Akatoa simu, akawasha kinasa sauti hapo hapo jikoni, kati ya moshi na kuku. Bushira hakuuliza aseme nini. Akavuta pumzi.

"Nyie! Majani, nimesema majani! Ng'ombe anakula majani, wewe unakula ng'ombe, sasa nani kati yenu ana akili? Dodo, malewa, sukuma, jaza sahani. Nyama kidogo, kama unamwonjea mgonjwa!"

Nusifa akaituma kutoka pale alipokuwa amesimama. Punde kambi ikaitika, nyumba kwa nyumba, Shangazi akifoka madirishani. Mtu akacheka upande wa pili wa ukuta. Wanyera akalitazama bakuli, akamtazama Bushira, akalirudisha bakuli kwa mkewe kama anayesalimisha silaha.

"Nimeelewa, afande," akamwambia Bushira.

Norman akaendelea kutafuna. Kisha mfuko wa shati jeupe la Norman ukafoka nao. Alikuwa amejiwekea Sahani siku ya kwanza, ili awaonyeshe wakubwa wake, akasahau kuitoa.

"...sasa nani kati yenu ana akili?"

Norman akabaki na mfupa mdomoni. Nusifa akamsogezea sahani ya dodo.