Kabla Hujampa Mtu Kichwa Chako

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, mdogo wangu Rehema alipovua ushungi mbele yangu hapa Mohoro. Tulikuwa uani tunapepeta mchele, mimi na yeye tu. Sikuwa nimekiona kichwa chake tangu ahamie Kibiti kufungua duka la vitenge. Kando zote mbili za paji la uso palikuwa patupu, ngozi inang'aa. Ni zile rasta za kubana alizosuka miaka yote, zile ambazo ukishasukwa hata usingizi hauji.

"Dada, harusi imekaribia," akaniambia. "Nitapambwaje hivi mbele ya wanawake wote wa Ruaruke, kwa wakwe zangu? Nimempata mtu Dar anayepandikiza nywele. Nisindikize."

Moyoni nilitaka kumkataza. Lakini Rehema nimemlea mwenyewe tangu mama yetu afariki, na ukimkataza bila sababu hulifanya jambo kwa siri. Nikampeleka kwanza kwa shehe wetu. Shehe akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa anavyoona yeye, kurudisha kilichopotea ni tiba kama tiba nyingine, ila atafute tabibu anayeijua kazi yake. Tukapanda basi.

Yule mtu wa Dar tulimkuta katika chumba nyuma ya saluni. Kijana mchangamfu, ananukia vizuri, simu imejaa picha za vichwa vyenye nywele tele. Hakukigusa kichwa cha Rehema, wala hakumwuliza anaumwa nini.

"Hata leo tunaanza," akasema. "Harusini utang'aa, dada."

"Daktari ni nani?" Rehema akauliza.

"Mimi na vijana wangu. Tuna uzoefu."

"Nimeuliza daktari."

Kijana akacheka. Rehema akachukua mkoba wake akatoka. Kufika barabarani akalia, maana tumaini lake lote lilikuwa mle ndani. Nilimwacha alie (kuna kilio ambacho si cha kunyamazishwa), kisha tukaulizia mpaka tukafika hospitali yenye daktari wa ngozi.

Huyu alikuwa mama wa makamo. Alimkagua polepole kwa lenzi, mbele mpaka kisogoni. Halafu macho yake yakatua kwenye sikio la Rehema, pale alipotoboa wakati wa usichana wake pakaota kovu nene kama harage.

"Hili lilikuja baada ya kutoboa?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi nisikilize vizuri. Nywele huwa tunazitoa kisogoni kwako mwenyewe, kwa ganzi, tukazipanda mbele. Kila tunapogusa panabaki kidonda kidogo, na ngozi yako inaweza kuota makovu kama hili kichwani. Tena hapa mbele pana uvimbe bado. Tukipanda sasa, hazitashika."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sijasema hivyo. Acha kubana nywele, tutibu uvimbe huu. Uvimbe ukitulia, nitapanda chache za kujaribu, tusubiri miezi tuone ngozi itafanyaje. Lakini harusi hutaiwahi, mama. Anayekuahidi kuiwahi anakudanganya."

Rehema akafunga tena ushungi wake. Kisha akasema, "Nitaolewa hivi hivi."

Na akaolewa. Rehema alimweleza mchumba wake mapema kwa simu, asije akashtuka. Siku ya kupambwa wako wanawake walionong'ona, naye akaingia katikati ya ngoma akacheza mpaka wakachoka wao kunong'ona.

Baada ya hapo akaanza tiba. Nywele chache zikarudi zenyewe, nyingi hazikurudi. Zile za kujaribu zikashika, pakapona bila kovu, ndipo daktari akampandikiza zilizobaki, kazi ya karibu kutwa nzima. Wiki chache baadaye akanipigia simu analia kwamba zinapukutika. Nikamkumbusha maneno ya daktari, kwamba zitaanguka kwanza, mizizi ibaki. Zikaota kweli. Si nyingi kama za utotoni, lakini ni zake, na hasuki tena rasta za kubana.

Mwanangu, sikukatazi kupandikiza, wala sikutumi. Kichwa ni chako. Ninachokuomba, ujue kwanza kwa nini nywele zimeondoka, maana kilichozing'oa kikiwa bado kipo kitazing'oa na hizo mpya. Mwulize anayeshika kisu yeye ni nani na amesomea wapi. Mwambie kila kovu na kila dawa unayotumia. Na ukisikia unaharakishwa, chukua mkoba wako utoke, hata kama utalia barabarani.

Mungu akukutanishe na mikono yenye elimu, akupe subira, na kila ukijitazama kwenye kioo uone mtu unayempenda, awe na nywele au asiwe nazo. Amina.