Kigoda Nje ya Ua

Siku inayonirudia kila ninapovuka Busisi, mwanangu, ni ile niliyokwenda matembezini na Deusi na mchumba wake, wakati daraja lilikuwa halijajengwa na kila gari lilisubiri kivuko. Umeniomba nikupangie wewe na wenzako safari ya siku moja, mwone Mwanza na ng'ambo yake, mrudi jioni. Nitakupangia. Kwanza sikiliza hii.

Nilikuwa sijaoa, sina kazi ya kudumu, na miguu yangu haikutulia, kama isivyotulia hadi leo. Deusi nilisoma naye sekondari. Alikuwa amepata kazi Arusha, na huko akampata Upendo, muuguzi kutoka Iringa, binti mpole asiye na maneno mengi. Wakaja Mwanza kwa mapumziko mafupi. Deusi akanifuata nyumbani na ufunguo wa gari la kukodi.

"Wewe si unazurura kila siku?" akasema. "Basi kesho zurura na sisi. Uendeshe wewe, mimi nikae na mwenzangu."

Tulianzia kwenye Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini, kama waanzavyo wageni wote. Deusi akampiga Upendo picha upande huu na upande ule. Tukapanda mawe ya Capri Point, tukatazama ziwa lilivyotulia asubuhi, tukashuka. Nilikuwa nimepanga mengi, maana siku hizo niliamini kwamba aliyeona sehemu nyingi ndiye aliyetembea. Upendo akasema angependa kupanda kivuko, avuke maji. Deusi akasitasita, kisha akakubali kwa sharti kwamba tule samaki Busisi na kugeuza hapo hapo.

Foleni ya magari kivukoni Kigongo ilikuwa ndefu. Deusi akashuka kutafuta soda. Upendo akaniuliza kutoka kiti cha nyuma, "Shemeji, kwao unakujua?"

"Nakujua. Likizo nyingi nimelala pale."

"Ameniambia mama yake alihamia Geita kwa dada yake."

Sikuwa nimefika pale kwa muda, na mtu huweza kuhama.

"Nikirudi nyumbani," akaendelea, "baba hataniuliza kama nimeliona ziwa. Ataniuliza hao ni watu gani. Nisipokuwa na jibu, posa hataipokea."

Deusi akarudi na soda, tukazungumza habari za samaki.

Ng'ambo, wanawake walikuwa wakiwauzia abiria mahindi ya kuchemsha. Mmoja, Mama Kulwa, jirani wa kina Deusi, akainama dirishani, beseni lake mikononi.

"Deusi? Deusi wa Milembe? Umenenepa hivyo, nusura nikuite bosi. Mama yako anajua umekuja?"

"Mama si yuko Geita," Deusi akasema, macho yake mbele.

"Geita? Tangu lini? Nimemwacha sasa hivi anapalilia viazi. Au kaenda nilipogeuka?"

Wenzake wakacheka. Upendo akanunua mahindi, akalipa, akayaweka mapajani bila kuyala.

"Geuza," Deusi akaniambia. "Tukiwahi tutapata kivuko hiki hiki."

"Ni mbali?" Upendo akamuuliza Mama Kulwa, si Deusi.

"Mbali gani? Hapo juu, penye mawe mawili. Ukipiga kelele anasikia."

Ndipo Deusi akajitetea kwa mila. Alisema binti haingii kwa wakwe kabla washenga hawajafika, na kwamba tungemwaibisha mama. Mwanangu, mila hiyo ni ya kweli na kwetu tunaishika. Aliitumia tu kama pazia.

"Siombi kuingia," Upendo akasema. "Naomba kumsalimia."

Deusi akanitazama. Nami nikashika njia ya kupanda. Usidhani ni ushujaa. Nilikuwa nimekula mno katika nyumba ile, nisingeweza kuipita. Mama Kulwa akafungua mlango wa nyuma, akapanda na beseni lake bila kuombwa, akakaa.

Nyumba ilikuwa ile ile. Kuta za udongo, bati kuukuu lililowekewa mawe lisipeperuke, na choo ambacho mlango wake ulikuwa gunia. Nikaelewa Deusi alichokuwa anakificha. Hata gari halijasimama sawasawa, Mama Kulwa alikuwa ameshateremka na kuisimulia habari yote kwa sauti, kuanzia dirishani hadi Geita.

Mama Milembe akaja kutoka shambani, mikono ina udongo. Akamtazama mwanawe, akamtazama binti. Upendo akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo, usisogee."

Akaingia ndani. Deusi akavuta pumzi, akanong'ona, "Mmeona? Niliwaambia." Upendo alibaki amesimama nje ya ua wa minyaa, mikono mbele, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mama akatoka amenawa mikono, amebeba kigoda. Akakifuta kwa upande wa kanga yake, akakiweka pale pale nje ya ua.

"Ndani utaingia siku watu wakishaleta habari zako. Leo kaa hapa, nikuone na wewe unione."

Akaleta michembe ya viazi vikavu iliyopikwa kwa karanga, bado ya moto. Yeye akakaa chini, upande wa ndani wa ua, binti upande wa nje, sahani katikati yao. Waliulizana habari za Iringa, kama viazi vinastawi huko, kama baridi ni kali kweli. Upendo alikula mpaka sahani ikaisha. Kisha mama akamgeukia mwanawe, bila kupandisha sauti.

"Na wewe uliyenipeleka Geita, nilifika salama?"

Hata Mama Kulwa alinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena.

"Na wewe, msafiri," akaniambia mimi, "tangu asubuhi umemwonyesha mgeni nini?"

"Mawe, mama. Na ziwa."

"Ni mazuri," akasema. "Ila hayajui kumkaribisha mtu."

Tulirudi na kivuko cha jioni. Deusi alisimama kwenye ukingo, akatazama maji. Mwishowe akaja dirishani, akamuuliza Upendo atamwambia nini baba yake.

"Nitamwambia kwamba mama yako nimemwona," akasema. "Wewe bado sijakuona."

Wiki ile ile Deusi alivuka peke yake, bila gari. Alilala kwao. Sikuuliza walizungumza nini. Washenga walikwenda Iringa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, si kabla, na siku Upendo alipoingia rasmi katika nyumba ile, bati lilikuwa lile lile. Mama alikichukua kile kigoda mwenyewe akakipeleka ndani.

Siku hizi daraja lipo. Vijana husimama, hupiga picha, hugeuza gari na kurudi mjini kabla jua halijawa kali. Sina ugomvi nalo, mimi mwenyewe nalipita. Nenda, ukaone mawe, ukale samaki Busisi, ukitaka panda meli mpaka kisiwani, Nansio. Lakini ninachokuasa ni hiki: ukimwonyesha mtu kwenu, usianze na vile ambavyo kila mgeni anaonyeshwa ukaacha mlango uliotokea wewe. Na ukienda kwa watu, punguza sehemu za kuona, uongeze muda wa kukaa. Mila ikikuzuia kuingia, ishike, ila isiwe kisingizio cha kutosalimia.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, za nchi kavu na za majini. Na popote utakapochoka, awepo mtu wa kukufutia kigoda.